Kioo cha mbele kinaparuza kama msasa: kisafishwe au kibadilishwe?

Swali: Fundi, naishi Dodoma na ninatumia Toyota IST iliyotoka Japani miaka sita iliyopita. Nikipitisha kiganja kwenye kioo cha mbele kwa nje, kinaparuza kama msasa uliochakaa. Waipa zinarukaruka na kupiga kelele, na usiku taa za gari linalokuja mbele yangu zinatawanyika hadi sioni ukingo wa barabara. Kijana anayeniosha gari anasema tukisugue kwa stilwaya na mafuta ya taa. Fundi mmoja wa hapa anasema kioo kimekwisha, nibadilishe. Nimsikilize nani? Na ile dawa ya kufukuza maji ya mvua inaweza kunisaidia?

Jibu: Dada yangu, kwa leo usimsikilize yeyote kati yao. Kijana wako ameona uchafu, fundi wako ameona kioo kilicholiwa, na inawezekana kabisa kila mmoja ameona nusu. Kabla hujatoa hela, kuna jambo moja la kujua. Hicho kinachokuparuza ni kitu kilichoongezeka juu ya kioo, au ni kioo chenyewe kilichopungua? Kilichoongezeka kinatoka, hata kama kimeganda. Kilichopungua hakirudi, hata ukisugua mpaka Krismasi.

Kioo kipya hakiparuzi. Viwanda vingi hutumia njia ambayo Pilkington wa Uingereza waliitangaza mwaka 1959: kioo kilichoyeyuka humiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea na kujinyoosha chenyewe kama mafuta juu ya mchuzi. Kinatoka laini pande zote mbili. Kwa kioo cha mbele cha gari, vipande viwili vyembamba, kila kimoja karibu milimita 2, hupashwa moto hadi vilegee, hupindwa kufuata umbo la gari, halafu hugandishwa pamoja na karatasi ya plastiki isiyofika milimita 1 katikati yake. Ndiyo maana kikipigwa jiwe hupata ufa tu, hakimwagiki chini kama cha mlangoni. Kwa hiyo hicho unachokisikia kwa kiganja hakikutoka kiwandani. Umekiokota barabarani, mahali unapoegesha, au kwenye ndoo ya kuoshea.

Sasa kipime. Fanya asubuhi mapema, kioo kikiwa baridi na kivulini. Kimwagie maji mengi kwanza ili mchanga utoke wenyewe bila kuguswa, kioshe kwa sabuni ya maji ya vyombo, kisuuze, kikaushe. Halafu tafuta mfuko wa mkate. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliiaga Juni 2019, lakini ule unaofungiwa mkate bado upo, na kwa kazi hii hakuna kifaa kinachoushinda. Ingiza vidole ndani yake, kisha viteleze taratibu juu ya kioo. Vidole vitupu hunata kwa unyevu wa ngozi vikakudanganya. Ndani ya ile plastiki nyembamba, chembe ndogo kuliko punje ya chumvi utaisikia, na hata sauti yake utaisikia: kioo safi kiko kimya, chenye utando kinafanya kama mtu anayekwangua ukoko kwa ukucha.

Usiishie kwenye kioo cha mbele. Pitisha vidole hivyohivyo kwenye vioo vya milango na cha nyuma. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa sababu mteja amelalamikia cha mbele nao wakakitazama hichohicho. Mchanga wa barabarani hukila kioo cha mbele peke yake, maana ndicho kinachoupokea gari likiwa kwenye mwendo. Maji ya chumvi, utomvu na rangi huangukia vioo vyote bila kuchagua. Ukikuta cha mlangoni nacho kinaparuza, tatizo lako ni kitu kilichoongezeka. Linganisha pia ile sehemu ya mbele inayofagiwa na waipa na pembe ambazo waipa hazifiki. Pembe zikiparuza zaidi ya katikati, jibu ni lilelile.

Kipimo cha pili ni cha macho. Jioni, jua likiwa limeinama, egesha gari likitazama magharibi, kaa kwenye kiti cha dereva na ukitazame kioo chenyewe badala ya kutazama ng'ambo yake. Ukiona maelfu ya vinukta vinavyometameta kama sukari iliyomwagika mezani, hivyo ni vishimo vya mchanga na kokoto. Ukiona mistari iliyopinda kama upinde wa mvua, hiyo ni ya waipa. Vishimo vya namna hiyo kiganja hakivisikii sana, ila jicho linaviona, na usiku kila kimoja kinaigawa taa ya mwenzako vipande vipande.

Kwa maelezo yako, na kwa mahali unapoishi, nahisi una vyote viwili. Mparuzo unaousikia kwa mkono ni utando, na taa zinazotawanyika zinatokana kwa sehemu na utando huo na kwa sehemu na vishimo. Ukiondoa utando ndipo utajua vishimo vimebaki vingi kiasi gani. Huo ndio utaratibu, na ndiyo sababu nakuzuia usinunue kioo kesho.

Tuanze na maji. Dodoma inategemea sana visima, na maji yaliyokaa kwenye mwamba hubeba kalsiamu na magnesiamu. Huhitaji maabara, fungua birika lako la chai utazame ule weupe ulioganda ndani. Kijana akiosha gari saa sita mchana, tone linakauka kabla kitambaa hakijalifikia, na kila tone linaacha kiduara chake. Kesho anaongeza kingine juu yake. Miaka sita ya viduara ni ukoko halisi. Ndani yake hunasa vumbi, masizi ya dizeli, na mafuta ya taa ambayo vijana hupaka matairi na bampa ili ving'ae.

Unapoegesha pia kuna neno. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri, lakini wadudu wanaofyonza majani yake hudondosha majimaji matamu yanayonata, na jua likiyapiga yanakuwa kama gamu. Jirani na fundi wa mageti ni hatari zaidi. Cheche za grainda ni vipande vya chuma vinavyowaka. Vikitua kwenye kioo huyayusha mahali padogo na kuzama. Utavijua kwa vinukta vya kahawia, kutu hiyo, upande mmoja wa gari tu, ule ulioelekea karakana. Hapa kioo kimeongezewa na kimepunguziwa kwa pigo moja: ukiking'oa kile chuma, kishimo chake kinabaki. Na siku akipuliza rangi geti kwa kompresa, upepo hukuletea na hiyo.

Namna ya kuutoa utando: usianze na kitu kigumu. Anza na siki nyeupe ya dukani. Lowesha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya kioo kigande kama kanga iliyolowa, kiache dakika 10 hadi 15, ukikinyunyizia siki tena kabla hakijakauka. Siki huila kalsiamu polepole. Ndimu inafanya kazi ileile kama siki imekuishia, ila kwa kioo kizima utakamua kapu zima. Usiache siki itiririke kwenye rangi ya boneti ikae. Suuza kwa maji mengi. Rudia mara mbili, tatu. Kisha kausha na upitishe tena mfuko wa mkate.

Utomvu, rangi na vinukta vigumu hutolewa kwa wembe mpya. Nasema mpya kwa sababu wembe wenye kutu au pembe iliyovunjika ni kisu. Kioo kiwe kimelowa sabuni muda wote, wembe ulazwe karibu sambamba na kioo, na usukume kwenda mbele tu. Usiurudishe nyuma, unaporudi hubeba chembe iliyokwanguka na kuiburuza. Ukisikia krrr, simama, nyanyua, osha wembe. Upande wa ndani wa kioo chenye tinti, wembe usifike kabisa, wala kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya za joto.

Kama siki na wembe vimeshindwa na bado kuna kivuli cheupe, basi maji yamekuachia silika, ndugu wa kioo chenyewe, na siki haina nguvu juu yake. Hapo inahitajika seriamu oksaidi, unga mlaini ambao wasuguaji wa vioo na lenzi hutumia. Unachanganywa na maji hadi uwe kama uji mwepesi, unasuguliwa kwa sponji ngumu ya mashine, na haupaswi kukauka wala kioo kuchemka chini yake. Hiyo kazi mpe fundi anayeijua. Dawa ya meno, ambayo nyote mnaniuliza, inaondoa utando mwepesi wa mafuta na basi. Kwa mkwaruzo haifanyi chochote, isipokuwa gari linanukia mnanaa.

Nikusimulie kosa langu ili ujue kwa nini nasisitiza fundi anayejua. Nilipokuwa bado mwanafunzi kwenye kazi hii, alikuja mteja na Toyota Noah yenye mkwaruzo mmoja wa waipa, mbele kabisa ya macho ya dereva. Nilikaa na mashine mahali pale pale karibu saa nzima, najivuna. Mkwaruzo ukatoka. Mteja akaondoka, na kabla sijamaliza chai akarudi. "Fundi, mkwaruzo umetoka kweli, lakini bodaboda zikifika hapa zinanenepa." Nikakaa kwenye kiti chake, nikasogeza kichwa kushoto na kulia. Nguzo ya umeme ya ng'ambo ya barabara ikajikunja kama nyoka. Nilikuwa nimechimba bonde dogo kwenye kioo na kukigeuza lenzi. Kioo kipya nilikinunua mimi, na ule mshahara wa mwezi nausikitikia mpaka leo. Tangu siku ile sheria yangu ni rahisi: mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake siusugui mbele ya macho ya dereva.

Turudi kwa kijana wako na stilwaya. Kuna stilwaya laini sana kama pamba, ya namba 0000, ambayo mafundi huitumia juu ya kioo kilicholowa bila madhara. Ile ya kusugulia masufuria siyo hiyo. Ina nyuzi nene, na mara nyingi imeshasugua sufuria iliyowekwa chini kwenye mchanga. Mchanga ndio adui wenyewe. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo kiko karibu 5.5 na kwatzi, ambayo ndiyo imejaa kwenye mchanga wa nchi ya matale (mawe ya graniti) kama Dodoma, iko 7. Punje moja chini ya stilwaya inatosha kuandika jina lake. Mafuta ya taa nayo yanalainisha utomvu, sikatai, ila yanaacha utando wa mafuta unaofanya taa za usiku zichanue, na yanavimbisha mpira wa waipa. Hivyohivyo sabuni ya unga ya kusugulia masinki: ndani yake kuna chembe za kukwangua, isiguse kioo.

Kuhusu waipa. Usizilaumu kabla kioo hakijasafishwa, kwa sababu mpira wowote utaruka juu ya ukoko. Baada ya usafi, zilowe maji uziwashe. Zikiendelea kuruka, futa mpira kwa kitambaa chenye maji. Ukitoa weusi mwingi au ukingo wake umekuwa mgumu na umepasukapasuka, jua limeshaumaliza, badilisha. Ukibadilisha mpira na bado zinaruka wakati wa kurudi lakini si wakati wa kwenda, mkono wa chuma umejipinda. Mpira unatakiwa usimame wima juu ya kioo ili ulale upande huu ukienda na upande ule ukirudi. Mkono ukijipinda kidogo, mpira unabaki umelalia upande mmoja na kurudi kwake ni kwa kurukaruka. Fundi anaunyoosha kwa koleo mbili kwa dakika chache, ila watu wananunua waipa jozi tatu kabla hawajaambiwa.

Na usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi. Najua barabarani lori likikupita unalifanya bila kufikiri. Ile mistari iliyopinda haiandikwi na mpira, inaandikwa na mchanga uliobanwa chini yake. Jaza tanki la maji ya waipa, tena maji yaliyochujwa au ya mvua ukiyapata, yasiyo ya chumvi, na usitie sabuni ya unga humo maana inaziba matundu. Piga maji kwanza, hesabu moja mbili, ndipo ufute.

Kitu kingine kabla ya usiku wa majaribio: safisha upande wa ndani. Chukua kitambaa cheupe, pitisha ndani ya kioo, kitazame. Ule ukungu wa manjano au kijivu ni mvuke wa plastiki ya dashibodi inayopikwa na jua, pamoja na ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Wapo walioniletea gari wakilia kwamba kioo kimekwisha, nikafuta ndani tu, wakaenda zao. Tumia kitambaa laini cha maikrofaiba kimoja chenye unyevu na kingine kikavu.

Baada ya hayo yote, endesha usiku kwenye barabara unayoijua. Kama taa zinazokuja bado zinatawanyika, na kipimo cha jua la jioni kinakuonyesha sukari imejaa mbele ya macho yako upande wa kulia, basi fundi wako alikuwa sahihi na ubadilishe. Usikubali mtu akuambie atavisugua vishimo vyote. Angelazimika kupunguza kioo kizima hadi chini ya kishimo kirefu kuliko vyote, na umeshasikia habari ya bodaboda zinazonenepa.

Ukibadilisha, kuwa mkali. Kioo cha mtumba kutoka gari lililokatwa usinunue, kimeshakula mchanga wa mwenzako. Kwenye kona ya chini tafuta maandishi: alama ya 43R pamoja na herufi E yenye namba ndani ya duara ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari, AS1 ni ya Marekani kwa vioo vya mbele, na CCC ni ya China. Kisha, kabla hakijapakwa gundi, mwambie fundi na mwenzake wakisimamishe kwa mshazari kama kitakavyokaa kwenye gari. Simama nyuma yake, tazama nguzo au ukingo wa jengo lililonyooka, na utembeze kichwa. Vioo vya bei nafuu vilivyopindwa vibaya vina mawimbi. Kwenye pembe kabisa mawimbi kidogo husameheka, lakini mbele ya macho ya dereva ukuta ukicheza, kikatae. Kikishagandishwa kitakuwa chako.

Gundi iwe ya poliyurethani ya magari, si silikoni ya bafuni. Kioo cha mbele husaidia kushika paa, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa wa ajali, hukiegemea inapofumuka. Kikiwa kimebandikwa kwa silikoni kinaweza kung'oka kizima. Fremu ikwanguliwe kutu na ipakwe dawa kwanza. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye mkebe wa gundi, uheshimu, na siku ya kwanza acha kioo cha mlangoni wazi kidogo. Ukibamiza mlango gari likiwa limefungwa lote, hewa inasukuma kioo ambacho gundi yake bado mbichi. IST yako haina kamera nyuma ya kioo, ila anayesoma hapa mwenye Subaru Forester ya EyeSight, yaani yenye kamera za kutazama barabara nyuma ya kioo, ajue kwamba kamera zile hupimwa upya kioo kikibadilishwa.

Mwisho, dawa ya kufukuza maji. Inasaidia, lakini juu ya kioo kisafi tu. Ukiipaka juu ya ukoko unaupaka ukoko varnishi. Baadhi ya magari kutoka Japani huja nayo tayari, ikishaisha kwa mabaka waipa zinaruka mahali ipo na kuteleza mahali haipo, kwa hiyo inawezekana hata kelele za waipa zako zilianzia huko. Mimina maji kwenye kioo ulichokisafisha. Yakitandaa kama karatasi moja, kioo kiko tayari na unaweza kupaka. Yakijikusanya visiwavisiwa, kuna kitu bado kimebaki, usipake, rudi kwenye usafi kwanza. Na Dodoma mvua zenu zinaanza mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo ukipaka mwezi Juni, jua litakuwa limeimaliza dawa kabla tone la kwanza halijaanguka.